Ile saa si ilikufa?

Wengi mmeniomba niyaandike niliyoongea Jumamosi pale ukumbini, hasa mliokuwa kwenye msiba siku hiyo mkashindwa kufika. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, sijayapiga pasi.

Tumsifu Yesu Kristo. Mwangaluka!

Baba Paroko asante sana kwa ukumbi, akina mama wa WAWATA asanteni kwa chai na mihogo, vijana wa VIWAWA nimewaona tangu saa moja mnabeba viti, Mungu awabariki. Wenzetu Wamoravian naona mmekuja, na mama zangu wa Kiislamu pale nyuma naomba msogee mbele jamani, huko mtasikia feni tu.

Nimepewa nusu saa niongelee kusoma. Waliponiuliza utaongelea nini nikasema nataka kuongelea kitabu cha upelelezi, cha Kikristo, chenye mapenzi ndani, na cha kuchekesha. Mzee mmoja wa kamati akavua miwani akaniuliza, Mwalimu, vyote hivyo kwenye kitabu kimoja? Ndiyo mzee wangu, vyote kwenye kitabu kimoja, na akaniuliza tena sasa hicho kitabu tukiweke kabati gani. Swali lake lilinikaa kichwani wiki nzima, maana kweli sisi tumezoea cha dini kinakaa kwake, cha mapenzi kinafichwa chini ya godoro, na cha upelelezi wanasoma wanaume kwenye basi.

Vitabu vya namna hii Wamarekani wanaviandika sana siku hizi. Unakuta mji mdogo, watu wote wanajuana, kuna kanisa, kuna kwaya, kuna mtu ana duka la mikate au la vitabu, kuna paka. Kinaibiwa kitu au mtu anakufa, lakini damu huioni, mwandishi hakupeleki mochwari. Anayepeleleza si polisi, ni mtu wa kawaida kama wewe na mimi, mara nyingi mwanamke, na silaha yake ni kwamba watu wanakuja dukani kwake wanapiga stori na yeye anasikiliza. Halafu yupo mwanaume anayempenda, na yale mapenzi ni ya heshima, mlango wa chumbani haufunguliwi. Na watu wanasali humo ndani, wanamlalamikia Mungu, wanaenda kanisani hata kama hawasalimiani na anayekaa benchi la mbele yao. Yaani mkisoma mtasema huu mji ni Tabora.

Cha kwangu nilikipata Dar, vitabu vya mtumba vimemwagwa chini kwenye turubai, elfu mbili tu, jalada limekunjika kona na aliyekuwa nacho kabla yangu alimwagia chai ukurasa wa mia na kitu. Nikapanda nacho treni kurudi nyumbani. Mnaijua ile safari. Watu wanalala mi nasoma, watu Saranda wanashuka kununua kuku mi sishuki, mpaka dada niliyekaa naye akaniuliza mama mbona unacheka peke yako, nikaanza kumsimulia. Basi hakulala tena. Tumefika Tabora asubuhi mi ndo nimefika kwangu, yeye anaendelea Kigoma, nateremsha mabegi dirishani na bado hajajua mwizi ni nani kwa sababu nilikuwa bado kurasa ishirini, akanishika mkono pale dirishani akasema mama nipe namba yako. Usiku ule ule saa nne nikampigia nikamwambia. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Lakini yule si ndiye alikuwa anawapelekea watu chakula?"

Nikakaa kitandani na simu mkononi nikasema hiki kitabu siwezi kukisoma peke yangu.

Ndo ikaanza ile Alhamisi yetu. Wengine mlikuwepo. Barazani kwangu chini ya mwembe, saa kumi na moja jioni mpaka giza, kitabu ni kimoja na ni cha Kiingereza kwa hiyo mi nasoma kimya mstari mmoja halafu nautoa kwa Kiswahili, na giza likiingia au umeme ukikatika mjukuu wangu ananimulikia na tochi ya simu. Wiki ya kwanza tulikuwa sita. Wiki ya saba tulikuwa ishirini na tatu, na kati ya hao watu wazima watano walikuwa hawajui kusoma kabisa, nalisema hili kwa makusudi, mtaona mbele.

Niwaambie kidogo stori yenyewe. Kanisa dogo la mjini kwao linachangisha hela za paa, paa linavuja hasa. Sanduku la mchango linapotea Jumamosi usiku. Mwenye duka la mikate, mama mjane wa miaka arobaini na kitu, ndiye anaanza kuuliza uliza. Kuna fundi gari mgeni pale mjini, aliwahi kufungwa jela, halafu anampenda huyo mama. Kuna mama mpiga kinanda ambaye mji mzima unampenda, ukifiwa yeye wa kwanza kufika na sufuria. Kuna mzee mtunza kanisa anayelalamika kila siku, mara mgongo, mara njiwa, mara saa ya ukutani.

Kutafsiri mkate na keki za wazungu kulinitoa jasho. Kuna sehemu mji mzima wanapeleka kwa mfiwa chakula cha kuokwa kwenye bakuli moja, viazi, jibini, nyama, kila kitu humo humo, na mama mmoja wetu akanikatisha, kwani wenzetu wakifiwa hawapiki wali? Hawawashi moto nje? Nikasema hapana, kila mtu anapika kwake analeta. Akauliza, sasa nani anakaa na mfiwa wakati wote wako majikoni kwao? Tukaacha kitabu, tukaongea msiba nusu saa. Mi sikuwaharakisha. Nimefundisha darasani miaka thelathini na mbili na katika yote hiyo hakuna aliyewahi kunikatisha kwa sababu anamhurumia mtu wa kwenye kitabu.

Na mapenzi. Wasichana walikuwa wamekaa mkeka wa mbele wanasubiri. Sura ya nne hakuna kitu. Sura ya saba yule fundi anakuja dukani kila asubuhi ananunua mkate mmoja, na yeye anaishi peke yake, mkate mmoja mtu mmoja kwa siku anaumalizaje? Msichana mmoja akasema huyu anatupa mikate. Bibi mmoja akasema huyo anampenda, babu yenu alikuwa anakuja kwetu kuazima shoka na kwao yapo matatu. Tulicheka mpaka jirani akatoka kuchungulia. Kwenye ukurasa wa mia mbili na kitu ndo wanashikana mikono, na wanashikana kwa sababu yule mama amejikata na kisu cha mkate na jamaa anamfunga kitambaa. Basi. Hakuna zaidi. Wasichana wakalalamika, lakini nawaambia wiki nzima iliyofuata walikuwa wanakiongelea kile kitambaa kule bombani. Mimi hapo naona mwandishi ana akili kubwa sana, kwa sababu kumjua mtu anayekupenda na kumjua mtu aliyeiba ni kazi ya aina moja, unaangalia vitu vidogo, mkate uliozidi, shoka lisilohitajika. Vijana wangu, anayekutumia meseji mia na hajawahi kuona umejikata kidole, huyo msome upya.

Sasa tulipofika sura ya tatu kutoka mwisho nikafunga kitabu. Nikagawa vikaratasi nikasema kila mtu ataje mwizi na aseme kwa nini, asiyeandika aje aninong'oneze. Watu ishirini na tatu. Kumi na tisa wakamtaja fundi gari. Nikauliza kwa nini. Kafungwa. Mgeni. Hatujui kwao. Hana mke. Anakaa peke yake. Mmoja akaandika, "macho yake," na kitabu hakijaeleza macho yake popote, nilirudi nikatafuta.

Watatu walitaja watu wengine wengine tu. Akabaki bibi mmoja, wa kule Ng'ambo, anauza karanga, hajui kusoma, wiki zote saba alikuwa amekaa pembeni na ungo wake anamenya karanga na hajawahi kuchangia neno. Akaja akaninong'oneza, ila bibi zetu wakinong'ona kila mtu anasikia. Akasema, "Mwalimu, yule mpiga kinanda kasema usiku ule alikuwa kanisani akasikia saa inagonga mara tisa. Ile saa si ilikufa?"

Jamani.

Ile saa kweli ilikufa. Sura ya pili. Yule mzee mtunza kanisa analalamika saa ya ukutani imesimama tangu Ijumaa, kaitegemea akachelewa chakula cha mchana, mkewe kampa mbwa nyama yake, na pale wote tulicheka sana kwa sababu ya mbwa na nyama, nakumbuka mwenyewe nilishindwa kuendelea kusoma. Tulicheka tukaisahau saa. Bibi hakuisahau. Kumbe mpiga kinanda hakuwa kanisani saa tatu usiku akisali kama alivyosema, alidanganya, na alidanganya kwa sababu kijana wake alikuwa na deni na watu wanamtishia.

Hapa ndo penye kitu ninachotaka mwondoke nacho kuhusu vitabu hivi, maana kuna watu, na baadhi yao nawaheshimu sana, wanasema kitabu cha kuchekesha ni cha kupotezea muda, Mkristo asome vitabu vizito. Mwandishi wa aina hii anaficha ushahidi ndani ya kicheko. Si kwamba kaweka vichekesho ili tusichoke, hapana, kicheko ndo kabati alimofichia funguo. Mtu akicheka analegea, anaona hapa hakuna neno, anapita. Anayejua kusoma kweli anacheka na macho yako wazi. Na hilo alilifanya bibi asiyejua a wala be, kwa hiyo tusidanganyane kwamba kusoma ni herufi tu.

Na hili halikuanzia Marekani. Wakatoliki fungueni Danieli sura ya 13 na 14. Ndugu zetu Wamoravian Biblia zenu zinaishia sura ya 12 lakini zisikieni tu, ni tamu. Sura ya 13 Susana anasingiziwa na wazee wawili, wazee wenye vyeo, waamuzi kabisa, wanasema tumemkuta na kijana chini ya mti bustanini. Kusanyiko lote linawaamini kwa sababu ni wazee. Anatokea kijana Danieli anasema watenganisheni. Anamuuliza wa kwanza, mti gani? Anamuuliza wa pili, mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Kwisha. Ile mbinu polisi wanaitumia mpaka leo.

Sura ya 14 ndo naipenda zaidi. Kuna sanamu ya Beli, kila siku wanaipelekea unga, kondoo arobaini na divai, na kila asubuhi chakula hakipo, mfalme anasema huoni inakula? Na neno limeandikwa, Danieli akacheka. Akacheka! Halafu akachukua jivu, jivu la kawaida kabisa, akalinyunyiza sakafuni mlango ukafungwa. Asubuhi mfalme anaingia anafurahi meza tupu, Danieli anacheka tena anamshika asiendelee, anamwambia angalia chini. Nyayo za wanaume, wanawake na watoto. Makuhani sabini na familia zao walikuwa wanaingia usiku kwa mlango wa siri chini ya meza. Kwa hiyo mwenye kusema upelelezi na kicheko havikai na imani, mimi namwonyesha hapo.

Mwingereza mmoja, G.K. Chesterton, alianza kuandika mwaka 1910 visa vya padre mfupi, mnene, mwenye mwavuli, anaitwa Padre Brown, watu wanamdharau kwa sura, kumbe kukaa kwake kwenye kiti cha maungamo kumemfundisha dhambi zote zinavyofanyika. Kisa cha kwanza anamkamata mwizi aliyejivika nguo za kipadre, na njiani kote anaacha alama kwa kubadilisha chumvi na sukari hotelini na kumwaga supu ukutani. Huyo Chesterton alipoanza kuandika hakuwa hata Mkatoliki, alipokelewa mwaka 1922, na aliyempokea ni padre John O'Connor, rafiki yake ambaye ndiye alimpa wazo la Padre Brown. Na yupo padre wa kweli, Ronald Knox, mtoto wa askofu wa Kianglikana, mtu aliyekuja kuitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza, mwaka 1929 alitoa sheria kumi za hadithi ya upelelezi. Moja inasema mhalifu atajwe mapema, msituletee mtu mpya ukurasa wa mwisho. Nyingine inasema kila ushahidi anaouona mpelelezi na msomaji auone. Na ile inayonigusa mimi mtu wa Tabora, inasema nguvu zisizo za kawaida ni marufuku. Padre anasema hivyo. Mtu anayeamini miujiza, anayeadhimisha misa kila siku, anasema kwenye kutafuta nani kafanya kosa usiniletee mizimu, niletee ushahidi.

Sasa niongee taratibu kidogo.

Sisi huku Unyamwezini na kwa ndugu zetu Usukumani tumewaua bibi zetu kwa macho mekundu. Nalisema wazi kwa sababu kila mtu humu ndani analijua. Mtoto kaumwa, ng'ombe kafa, watu wanaenda kwa mganga, ramli chonganishi inapigwa, jibu linakuja ni bibi fulani, ushahidi nini, macho yake mekundu. Sheria ya Uchawi ipo nchini tangu mwaka 1928, kumtangaza mwenzio kwamba ni mchawi ni kosa, na bado mapanga yalitembea. Macho ya bibi ni mekundu kwa sababu kapika na kuni kwenye jiko lisilo na dirisha miaka hamsini, kakulisha wewe na baba yako. Danieli angeingia jikoni kwake akakohoa kwa moshi angejua. Na yule aliyeniandikia "macho yake" kwenye kikaratasi, simlaumu, neno hilo tumelirithi, limo ndani yetu linasubiri mgeni yeyote apite.

Wala simnyooshei kidole mtu, maana na mimi ninalo la kwangu.

Miaka mingi nyuma, kwenye jumuiya moja, sitaitaja, bahasha ya mchango wa ujenzi ilipotea. Laki mbili na arobaini, enzi hizo ni hela kweli kweli. Kulikuwa na binti anafagia kanisa, alitokea kijijini huko mbali, hana ndugu mjini, amepanga chumba, na wiki ile ile alionekana na viatu vipya. Viatu vyekundu vya kufunga na mkanda, bado naviona. Tukaitana, tukakaa, hakuna aliyesema mwizi ni wewe, tulimuuliza tu viatu umetoa wapi. Akasema kanunua. Kwa hela gani? Akasema nimeweka akiba. Akiba ya kufagia? Mtu mmoja akacheka. Mimi nilikuwepo nikanyamaza, na moyoni nilikuwa nimeshamhukumu, nisiseme nilinyamaza kwa busara. Siku ya tatu alihama, wakasema kaenda Urambo kwenye mashamba ya tumbaku. Kwaresima mwaka uliofuata tunasafisha kwa ajili ya Pasaka, tunavuta kabati la sakristia, nyuma yake bahasha imesimama wima imebanwa na ukuta, imejaa vumbi, hela zote ndani. Ilidondoka tu. Hakuna mwizi. Hakukuwa na mwizi tangu mwanzo.

Tulihesabu mara mbili, tukamkabidhi mhazini, tukamshukuru Mungu kwamba hela zimepatikana. Hakuna aliyesema jina la yule binti pale. Nilienda Urambo mara moja, nikauliza uliza siku mbili, sikumpata.

Kwa hiyo kwenye ile Alhamisi, niliposoma sura ya mwisho, pale yule mama wa mikate anapomfuata fundi gari gereji kumwomba msamaha kwa niaba ya mji mzima, na yeye yuko chini ya gari, hatoki, anaongea akiwa chini ya gari anaonekana miguu tu, anasema "nimezoea," mimi sikuweza kutafsiri. Mjukuu wangu anamulika anasubiri. Bibi wa karanga akaniwekea karanga mkononi. Nikazishika weee, halafu nikaendelea.

Nilikaa nikajiuliza, je tungekuwa tunasoma vitabu hivi enzi zile, tungekuwa tumezoea kufunga kitabu sura ya tatu kutoka mwisho na kuona aibu ya vikaratasi vyetu, tungemuuliza yule binti la viatu? Mimi naamini tungehesabu kwanza vitu vilivyomo sakristia. Tungevuta kabati.

Naona Baba Paroko anaangalia saa, na hii haijafa, najitahidi.

Vijana, hadithi hizi kwa Kiswahili hatuanzi sisi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa na kiko chake, kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1960, na humo mtu anakutwa amekufa kwenye mzimu, watu wanaogopa mzimu, Msa anatumia akili. Na hapo kwa jirani zetu Kigoma alizaliwa Ben Mtobwa, aliyetupa Joram Kiango, baba zenu walikuwa wanakisoma kitabu kimoja darasa zima kwa zamu. Na sisi Tabora msituchukulie poa, chukua kitabu cha zamani cha Kiswahili, cha sala, cha hadithi, fungua ukurasa wa mwanzo angalia kilichapwa wapi, mara ngapi utakuta TMP Book Department, Tabora, yaani mitambo ya hapo Kipalapala. Sasa mbona hatuna Padre Brown wa Kitete au mama lishe mpelelezi wa stendi? Mama lishe anajua kila kitu, nani anakula kwa mkopo, nani leo kalipa noti mpya. Mnarina asali huko Sikonge, mzinga wa mtu ukiibwa porini mnajua kusoma nyayo na majani yaliyokunjwa kuliko polisi yeyote. Weka hapo binti anayependwa na mrina asali anayekuja kila wiki kuuza asali kwa mama yake ambaye ana madebe manne hayajaisha, weka kwaya ya jumuiya yenye ugomvi wa sare, weka mzee wa kutuchekesha, na ndani ya kicheko chake ficha funguo. Mkiandika, mi nitasahihisha bure, leteni hata kwenye daftari la msuli, hata kwa meseji nitasoma.

Nina ombi moja tu, msimfanye mwizi awe mgeni. Mwizi awe mtu tunayempenda, na msomaji aendelee kumpenda akishajua.

Basi. Leo tunaanza kitabu kingine, ndo hiki hapa, mwanangu amenitumia. Na hiki ni cha mji mdogo na kanisa, safari hii kuna harusi, na pete imepotea asubuhi ya ndoa, na daktari wa mifugo ana aibu sana hawezi kumwambia msimamia harusi kwamba anampenda. Vikaratasi viko kwenye ile kofia pale mezani, mtu asiandike kitu sasa hivi, tutaandika tukifika mbali. Wasiojua kuandika mnakuja kwangu, na safari hii mtaninong'oneza sikioni kabisa. Watoto wakae mkekani. Bibi wa karanga naomba umwachie nafasi hapa mbele karibu yangu, na ungo wake pia uje.

Kijana, funga hilo dirisha la upande wa mwembe, upepo unafunua kurasa. Haya. Sura ya kwanza.